Gari Lililokonyeza Saba

Nilitoka Mkomaindo, mtaa wa Masasi mjini, asubuhi na begi moja, na kama mtu angeniuliza nakwenda wapi ningemtukana. Ndani ya begi mlikuwa na mashati mawili, spana namba kumi, bisibisi, koleo, taa ya kupimia umeme na chaja ya simu. Ufunguo wa chumba niliuacha juu ya dirisha. Nimehama hivyo mara nyingi tangu nilipoacha shule darasa la sita kumfuata fundi wa mashine ya kusaga, kwa sababu yeye alikuwa anafungua injini na mwalimu wangu alikuwa hafungui chochote. Kwa kawaida huondoka kwa kuchoka, au kwa kusikia kwamba mahali fulani kuna kitu sijakiona. Asubuhi hiyo niliondoka kwa hasira tu, na ubaya wa hasira hiyo ni kwamba sikuwa na hakika nimemkasirikia nani.

Ilianza jana yake. Nilikuwa na wiki mbili kwenye gereji moja ya pale Masasi, nikiziba pancha na kuosha vyuma kwa petroli. Mchana akaingia mama mmoja wa miaka sitini na kitu, goti la kushoto amelifunga kitambaa, akiendesha mwenyewe gari jeupe la Kijapani, la zamani, lenye mgongo mrefu nyuma. Akazima, akashuka kwa awamu, akapokea shikamoo zetu zote moja moja. Akasema anatoka Kitangari, huko juu kwenye uwanda. Gari humbebea maji kutoka bondeni, na tangu mwezi uliopita limekataa mlima. Likiwa tupu linapanda. Likiwa na madumu linalegea, taa ya injini inawaka, naye anarudi kinyumenyume mpaka chini.

"Nimeipima nyumbani," akasema. "Nimeweka waya. Inakonyeza saba."

Fundi mkuu aliinua kichwa. "Inamkonyeza nani, mama?"

Tukacheka.

Magari ya zamani ya aina ile yana njia yao ya kutaja ugonjwa. Hayana tundu la kuchomeka mashine ya kupimia. Unafungua boneti, unaunganisha vitundu viwili kwa kipande cha waya, unawasha swichi bila kupiga stata, na taa ya injini kwenye deshibodi inaanza kupepesa. Unahesabu mipepeso, unapata namba, unaitafuta namba kwenye orodha, na orodha inakuambia ni sehemu gani inayolalamika. Fundi wetu alikuwa na orodha hiyo, fotokopi iliyolowa oili, ameibandika ukutani kando ya picha ya timu ya mpira. Alikwenda pale akateremsha kidole. Namba ya kwanza kabisa ilikuwa kumi na mbili.

"Saba haipo," akasema. "Mama, gari yako inatoa namba za kichwani mwake. Kontroboksi imekufa. Ule ndio ubongo. Na ubongo wa gari kama hii siku hizi hupati."

"Labda ni sensa. Marehemu mume wangu alikuwa anasema mara nyingi ni sensa."

"Sensa ilishapita, mama. Tulihesabiwa wote, hata wewe."

Hapo gereji nzima ilipasuka kwa kicheko. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya tairi. Nilicheka mpaka nikajifuta macho.

Mama hakucheka. Alisema taratibu, kama anayetaja mahitaji ya sokoni, kwamba bila gari hana maji. Na bila maji mwanawe atamhamishia kwake Mtwara, ameshasema. Na nyumba aliyojenga na mumewe itakaliwa na popo. Fundi akamwambia asihuzunike, yuko mtu wa chuma chakavu anayechinja magari ya namna hiyo na kuuza injini huku na milango kule. Akaomba namba ya simu ya huyo mwana. Wakaongea wanaume wawili juu ya gari la mama, na mama mwenyewe amesimama hapo hapo ameshika pochi kwa mikono miwili. Ikakubaliwa: mnunuzi atapanda Kitangari kesho alasiri. Mama akaingia kwenye gari lake akaondoka. Boneti haikufunguliwa. Kipande cha waya na dakika moja, na hakuna mtu aliyetoa hata hiyo dakika.

Basi asubuhi nilishindwa kwenda kazini. Nilisimama kwenye njia ya Newala kwa sababu lori la kwanza lililosimama lilikuwa linakwenda huko. Lilibeba salfa, ile poda ya manjano ya kupulizia mikorosho. Ulikuwa msimu wake. Macho yaliwasha tangu nilipofunga mlango.

"Unashukia wapi?" dereva akauliza.

"Sijui."

"Basi utashuka nikikuchoka."

Hakunichoka haraka, maana sikuongea. Tulipofika karibu na pale barabara inapoanza kupanda uwanda, alisimama kununua machungwa kwa mzee mmoja aliyeyapanga juu ya gunia. "Nipe saba," dereva akasema. Mzee akafungua mfuko, akayaingiza akihesabu chini chini kwa Kimakonde. Aliingiza matano. Akanyamaza kidogo, akausawazisha mfuko. Akaingiza mawili.

Kimakonde nakijua cha kuombea maji tu. Mimi ni wa Lukuledi, mama yangu alikuwa Mmakua. Lakini hesabu za huku kwetu ni ndugu, iwe Kimakonde, Kimakua au Kiyao: zote zinaishia kwenye mkono mmoja. Ukifika tano mkono umejaa, na baada ya hapo hakuna jina jipya. Sita ni tano na moja. Saba ni tano na mbili. Mama yangu hakuwahi kutamka saba kwa neno moja maishani mwake, ila alipokuwa akisema Kiswahili.

Na lile gari nalo haliipepesi namba mfululizo. Hupepesa tarakimu ya kwanza, hupumzika kidogo, kisha hupepesa ya pili. Tano, pumziko, mbili. Hiyo ni hamsini na mbili, na hamsini na mbili ilikuwepo kwenye orodha ile ukutani. Niliisoma siku yangu ya kwanza, kama ninavyosoma kila kilichobandikwa. Mama alikuwa ameona tano na mbili. Akaijumlisha kama alivyozoea tangu utotoni, kisha kwa heshima akatuletea mjini ikiwa imeshatafsiriwa kwa Kiswahili safi: saba.

Nilisimama pale na ganda la chungwa mkononi, na hasira ikapata mwenyewe. Fundi mkuu ni mtu wa bara, hesabu zetu hazijui. Kosa lake ni uvivu na mdomo. Mimi nilizijua. Nimelelewa ndani yake. Nilikaa juu ya tairi na jibu la yule mama ndani ya kichwa changu, nikalifunika kwa kicheko ili nionekane mmoja wao.

"Nashukia Kitangari," nikamwambia dereva.

"Mimi naishia Newala."

"Hapo nitachukua bodaboda."

"Kumbe ulikuwa unajua unakokwenda."

"Nimejua sasa hivi."

"Kwa machungwa?"

"Kwa machungwa."

Aliniangalia kama anayemwangalia mtu mwenye homa, akaniongezea moja.

Kitangari nilifika jua likiwa utosini. Sikujua jina la mama yule. Nilimwambia tu kijana wa bodaboda, mama mwenye gari jeupe la maji, akanipeleka mpaka uani bila kuuliza zaidi. Gari lilikuwa chini ya kivuli cha paa, limepigwa kitambaa, linang'aa. Limeoshwa na mtu anayetafuta kila ndoo kwa shida. Lilioshwa kama maiti.

"Hodi."

Alitokea mlangoni na kisu cha kumenyea mihogo. "Karibu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanikazia macho. "Wewe si yule wa juu ya tairi?"

"Ndiyo, mama."

"Ulicheka mpaka ukajifuta machozi."

"Ndiyo."

"Sasa umekuja kumalizia?"

"Nimekuja kukuomba uhesabu tena, nikiwepo."

Nyuma yake akatoka mwanaume wa umri wangu, shati limepigwa pasi, simu mkononi. Ndiye alikuwa mwanawe, kaja kumchukua. Chumbani kupitia mlango uliokuwa wazi niliona godoro limekunjwa na kufungwa kamba.

"Huyu nani, mama?"

"Mtu wa gereji. Jana alicheka, leo amekuja kuhesabu."

"Gari imeshauzwa, ndugu yangu."

"Imeuzwa na nani?" mama akauliza. "Kadi yake iko wapi?"

Kadi ya gari, nilikuja kujua, ilikuwa ndani ya mkoba wake mama, na mkoba ulikuwa begani hata alipokuwa anamenya mihogo.

"Wewe kabila gani?" mama akaniuliza.

"Mmakua. Wa Lukuledi."

"Aa." Akamgeukia mwanawe. "Hesabu vikombe kabla hajaingia ndani."

Huo ni utani wetu wa zamani, Wamakonde na Wamakua. Nilijua hapo kwamba sijasamehewa, lakini naruhusiwa kushika boneti.

Waya ulikuwa kwenye pete ya funguo zake: shaba iliyokunjwa na mumewe, imelainika kwa miaka ya kushikwa. Alifungua mwenyewe kile kiboksi cheusi pembeni ya injini, akachomeka ncha moja, akachomeka ya pili, bila kutazama herufi za kwenye kifuniko. Kisha akaketi kwenye usukani, goti akiliingiza kwa mkono, akawasha swichi. Sisi wawili tukainamia dirishani. Taa ikaanza.

Mwana akahesabu kwa sauti, kwa Kiswahili. "Moja, mbili, tatu, nne, tano. Sita, saba. Si hiyo hiyo saba waliyosema haipo?"

Mama alikuwa anahesabu kwa Kimakonde, midomo ikicheza tu.

"Mama," nikasema, "baada ya tano ilifanya nini?"

"Ilipumzika."

"Halafu?"

"Halafu mbili."

"Hiyo mbili usiichanganye na tano. Gari haijumlishi. Inaandika. Imeandika tano, ikaandika mbili pembeni yake."

Taa ikarudia. Tano. Pumziko. Mbili. Mama akaitazama mpaka mzunguko wa tatu.

"Hamsini na mbili," akasema.

"Hamsini na mbili."

"Kwa hiyo sikukosea kuhesabu."

"Hukukosea hata kidogo. Sisi ndio tulipaswa kuuliza."

Akazima swichi. Nilitegemea afurahi. Badala yake alikaza uso, akawa anasema na usukani. "Nimekwenda Masasi na goti hili. Nimekwenda na kurudi. Nimefungiwa na godoro langu. Kwa sababu ya taa kupumzika." Kisha: "Na Mjapani naye, akifika tano anapumzika nini?"

Hamsini na mbili, kwenye orodha ile, ni sensa ya noki. Ni kidude kilichofungwa ubavuni mwa injini kusikiliza kama moto ndani yake unagonga. Kisiposikika, ubongo wa gari unaogopa. Unachelewesha moto ili injini isijivunje, na injini inayocheleweshwa moto haina nguvu. Njia tambarare hutajua. Mlimani na madumu ya maji, utajua. Nilieleza hivyo, na mwana akasema kwa hiyo bado ni kununua sensa. Nikamwambia kwanza tuone waya wake.

Nilitandika gunia nikaingia chini. Ilinichukua muda, kwa sababu kidude chenyewe kimejificha nyuma ya stata na mkono unaingia mmoja tu. Nikaufuata waya kwa vidole mpaka nikakuta uvimbe. Nikamulika kwa simu. Ulikuwa umekatika zamani, ukaungwa kwa kusokotwa, ukazungushiwa utepe mwekundu. Utepe ulikuwa umefunguka kwa oili, na shaba ya ndani imeota kijani na kulalia chuma cha injini.

"Mama," nikaita kutoka chini. "Stata mlitengeneza lini?"

"Wakati wa masika."

"Wapi?"

"Si pale pale kwenu."

Katika mafundi wote niliowahi kuwaona mjini pale, utepe mwekundu ulitumiwa na mmoja tu. Alipenda watu waitambue kazi yake. Nililala pale mgongoni, vumbi likiniingia sikioni, nikampigia simu hapo hapo chini ya gari.

"Uko wapi?" fundi mkuu akasema. "Kuna pancha tatu zinakusubiri."

"Niko chini ya gari la mama wa Kitangari. Hamsini na mbili. Waya wa noki umekatika, na umeungwa kwa utepe wako."

"Nani kakutuma huko?"

"Ulikata waya ukitoa stata, ukasokota kama kamba ya mbuzi. Halafu jana ukamwambia ubongo umekufa."

"Sikiliza, mwanangu. Wewe darasa la sita. Mimi nimesomea magari. Ile gari ni ya enzi gani? Waya ule leo, kesho kingine. Acha ife, mama wa watu apumzike."

"Apumzike wapi?"

"Kwani mama yako?"

Nilimwambia maneno ambayo mama mwenye gari aliyasikia yote, kwa maana aligonga bodi kwa kisu akasema, "Hapa ni kwangu, matusi peleka barabarani." Nikakata simu. Waya hauungwi kwa hasira, kwa hiyo nilitoka nikakaa kwenye kivuli nikala muhogo mbichi mpaka ikatulia. Mwana alinitazama muda wote huo, akitazama na saa.

Nilikata sehemu yote iliyooza. Nikaukwangua waya mpaka ukang'aa, nikaunga kwa kishikizo cha shaba nilichokitoa kwenye soketi mbovu ya ukutani ambayo mama aliniletea, nikakaza skrubu zake mbili, nikafunika kwa mpira wa ndani wa baiskeli, nikafunga mbali na chuma. Nikachomoa fyuzi ya injini kwa muda ili gari lisahau ile namba, nikairudisha. Mama akachomeka tena waya wa marehemu. Taa ikapepesa haraka haraka bila kusimama, haina tano, haina mbili.

"Sasa hii ni ngapi?" mwana akauliza.

"Siyo namba," mama akamjibu kabla yangu. "Ikiwa nzima inapepesa hivi tu. Baba yako alinionyesha."

"Mnunuzi ameshapita Newala," mwana akasema. "Amenitumia ujumbe."

"Na mimi nakwenda bondeni. Ninyi wawili pakieni madumu."

Nilimwambia mama kwamba pale uani gari halijathibitisha kitu. Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa mlimani, na waya mbaya unaweza kukaa kimya mpaka uulizwe kwa mzigo. Nilitaka tujaribu na madumu manne kwanza. "Yajazwe yote," akasema. "Kama itakataa, ikatae leo godoro likiwa limefungwa."

Mwana hakuja. Tulishuka wawili. Nimeona njia nyingi mbaya, lakini ile ya kushukia maji ilinikasirisha kwa namna yake: watu wanaishi juu na maji yanakaa chini, na kati yao kuna mlima ambao wanawake wanaupanda wamekaza shingo, ndoo kichwani, toka kabla mimi sijazaliwa. Chini tulikuta foleni. Walimpa pole ya gari, wakadhani amekuja kuaga. Akawaambia amekuja kuteka.

Tulijaza yote. Gari likakaa chini nyuma kama kuku anayetaka kutaga. Mama akaweka gia ya kwanza, tukaanza kupanda, akaingiza ya pili. Mimi nilikuwa nimeegemea mbele nikiitazama ile sehemu ya deshibodi ambapo taa ingewaka, na yeye alinipiga kiwiko: "Usiikodolee, utaiamsha." Kwenye kona moja, karibu na mkorosho uliopasuliwa na radi, alisema, "Hapa ndipo," na nikamwona ameshika usukani mpaka vifundo vikapauka. Injini ilinguruma. Ilishuka sauti kidogo. Kisha ikavuta. Ilivuta kama mtu aliyekumbuka kitu. Tukapita kona, tukapita mkorosho, na hakuna taa. Mama aliwapigia honi mbuzi waliokuwa pembeni kabisa ya njia, wasiomzuia mtu, akawasema mpaka tukafika juu.

Uani palikuwa na lori dogo na wanaume wawili wenye minyororo. Mnunuzi alikuwa mtu mpole, hata nilishindwa kumchukia vizuri.

"Shikamoo, mama. Niliambiwa gari haitembei."

"Marahaba. Wewe umeiona inatembea au haitembei?"

"Inatembea."

"Imebeba nini?"

"Maji, mama."

"Basi kunywa, baba, uende salama."

Akanywa kweli. Akashukuru, akamtazama mwana, mwana akatazama ardhi, na minyororo ikarudi ndani ya lori.

Nilifikiri ugomvi umeisha. Lori lilipokata kona mwana akalipuka, na hakulipuka kwa ajili ya gari. "Sawa, gari imepona. Goti limepona? Mama, siku utakapoanguka hapo mlangoni nani atajua? Jirani ataona gari halijashuka siku mbili, ndipo aje kubisha hodi. Mimi nitaambiwa kwa simu, nipo Mtwara. Hilo waya hauliungi."

Mama akaanza kushusha madumu kama hakusikia. Alikuwa amesikia. Dumu la kwanza lilimponyoka likamwagika nusu, na akasimama akiyatazama maji yanavyozama kwenye mchanga. Nilikuwa nimeyaweka tayari maneno ya kumwambia yule mwana, makali, tangu mchana nilikuwa nayo. Lakini aliyoyasema yalikuwa kweli, na hakuna kitu kinachoudhi kama mtu uliyejiandaa kumtukana kusema kweli.

Akanigeukia. "Na wewe. Umekuja umefunga waya, kesho umeshaondoka, unawasimulia watu ulivyomwokoa mama wa Kitangari. Anayebaki na wasiwasi ni mimi. Kama una uchungu naye hivyo, kaa wewe."

Alisema kunikomoa. Nikafungua mdomo nimrudishie.

"Chumba cha nyuma kina spea za marehemu," mama akasema, akiwa bado ameinamia dumu. "Zikitolewa, chini yake kuna kitanda."

Sote wawili tukamtazama.

"Sijasema nakaa," nikasema.

"Leo ulikuwa unalala wapi?"

Nilitazama begi langu. Swali hilo mimi hulijibu magharibi ikishaingia.

"Mpaka korosho ziokotwe," akasema. "Utakuwa unapakia madumu, mimi naendesha. Ukimaliza hapo nenda kwenu unakokujua. Na lile godoro," akamwambia mwanawe, "lifungue, umekaza kamba kama unafunga mwizi."

Mwana akalivua shati lake la pasi, akalitundika kwenye mlango wa gari, akaenda nyuma. Nilimfuata. Chumba kilikuwa na giaboksi nzima juu ya kitanda, rejeta mbili, mafungu ya mikanda, makopo ya nati. Tulibeba giaboksi pamoja, yeye upande mmoja mimi upande mwingine, tukikasirikiana, tukisemezana mambo ya mlango tu: inua, shusha, kulia kwako. Tulipoiweka chini akatoa simu yake. "Nipe namba yako. Ukiondoka bila kuniambia, nitakutafuta."

"Nikiondoka nitakuambia."

"Utaniambia kabla."

"Kabla."

Aliondoka kabla ya jua kuzama, na mama akamsindikiza mpaka barabarani akichechemea. Nilimwona akimwekea mihogo kwenye begi na yeye akiikataa, kisha akiichukua. Mimi nilifagia vumbi la vyuma, nikatandika. Hasira yangu kwa fundi wa utepe mwekundu ilikuwa bado ipo, na kwa yule aliyecheka juu ya tairi ilikuwa imezidi, kwa maana sasa nilikuwa nimekiona chumba alichokuwa tayari kuwaachia popo.

Mama alirudi akasimama mlangoni, akaweka ndoo yenye maji kidogo na kikombe cha plastiki juu yake.

"Bafu liko nyuma ya jiko," akasema. "Maji yametoka wapi umeona mwenyewe. Kwa hiyo kuoga ni vikombe vitano."

"Vitano havinitoshi, mama. Nina oili mpaka masikioni."

Akafikiri. "Basi tano na mbili."

"Hamsini na mbili?"

"Saba, Mmakua wewe," akasema, akaenda zake.